Chupa Isiyo na Vidanji

Siku hizi hapa Bukavu mfanya biashara hawezi kuhudhuria mkutano wowote asisikie maneno mawili: mageuzi ya kidijitali na mageuzi ya kijani. Yanatajwa pamoja kama majina ya mapacha. Wanaoyahubiri huja na mashini ya kuonyesha picha ukutani, na picha zenyewe ni nzuri: fundi aliyeweka duka lake lote katika simu, paa lililofunikwa kwa mabamba ya kukusanya mwanga wa jua, mama anayelipwa feza bila kuishika mkononi. Mwenye kiduka wa Kadutu, mshonaji wa Nyawera, kinyozi wa Panzi, wote wanaambiwa: Geukeni, la sivyo mtaachwa nyuma. Jioni wanapewa karatasi yenye muhuri kuwa wamefundishwa, wanapanda kilima kurudi nyumbani, na wakifika hakuna umeme.

Hatusemi kwamba maneno hayo ni ya uongo. Biashara isiyojua hesabu zake hufa, nayo biashara inayochafua maji yanayoilisha hufa vilevile. Basi mwenye kututaka tugeuke katika mambo hayo mawili anatutakia mema. Tunalokataa ni mahali wanapoanzia. Wanaanza na simu, kisha, muda ukibaki, wanasema maneno machache juu ya miti. Sisi tunasema: anayetaka kujua kama biashara ndogo za Bukavu zitageuka asitazame simu kwanza, atazame mtaro ulio mbele ya duka. Humo ndimo mapacha hao wawili wamelala, na mmoja amemlalia mwenzake.

Tufuate chupa moja tu. Ni chupa ya plastiki, ya maji ama ya marakuja, iliyouzwa asubuhi katika soko la Kadutu. Mnunuzi ameimaliza kwa dakika tano. Anatafuta pipa, halipo. Gari la takataka halifiki pale. Afanye nini? Anaitupa mtaroni, naye hana haya, maana ameona wote wanafanya hivyo. Mji wetu ni mji wa vilima, na kila kinachoanguka huku juu kinaelekea ziwani. Mvua ikinyesha, nayo kwetu haikawii, chupa inateremka mpaka mto Kawa, na Kawa inaipeleka ziwa Kivu. Je, itatulia huko? Haitatulia. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji yake, na mlango huo ni Ruzizi, hapa hapa kwetu, mpakani mwa Rwanda. Kinachoelea upande huu wa ziwa kinavutwa kule. Na kule ndiko Wabelgiji walikojenga, mwishoni mwa miaka ya 1950, bwawa la umeme tunaloliita Ruzizi ya kwanza; chini yake, mwaka 1989, pakafunguliwa Ruzizi ya pili, inayogawa umeme wake kwa Kongo, Rwanda na Burundi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 magazeti ya nchi za mbali yalionyesha picha za bwawa letu. Aliyeziona hakuona maji. Aliona uwanja wa chupa, mifuko, viatu vya raba na bidoni, umefunga mto toka ukingo hata ukingo, na wafanya kazi wa SNEL wakizizoa kama mtu anayefagia baharini. Kinachoelea kinazolewa; kinachozama kinafuatwa na wapiga mbizi mpaka chini, maana takataka ikiingia katika mashini inaisonga. Ruzizi ya kwanza ina mashini nne, na zote nne zikizunguka hazitoi zaidi ya megawati 30 hivi. Mji umekua mara nyingi kuliko ulivyokuwa mashini hizo zilipofungwa. Basi mashini moja ikisimama, si jambo dogo.

Hapo ndipo delestaji inapozidi. Leo umeme kwenu, kesho kwetu, keshokutwa pengine kwa hakuna mtu. Tuseme kweli: sababu za delestaji ni nyingi. Mashini zimezeeka, waya ni mbovu, watu wanajiunganishia umeme kwa wizi, na miaka mingine maji ya ziwa hupungua. Hatutaki kuibebesha chupa dhambi zote. Lakini mwenye kiduka hawezi kutengeneza mashini iliyozeeka, wala hawezi kuliongezea ziwa maji. Chupa anaiweza.

Sasa tuhesabu chupa ile imerudi na nini. Kinyozi ana wateja watatu wamekaa, mashini ya kunyolea imekufa. Anawasha grupu, ananunua esansi, na faida ya vichwa vyote vitatu inatoka kwa moshi. Fundi wa kuchomelea vyuma aliahidi mlango siku ya Jumamosi. Hakuna umeme tangu Alhamisi, mwenye nyumba anataka arudishiwe feza yake. Mwenye mashini ya kusaga muhogo anaendesha kwa mazutu, na bei ya mazutu inampanda mama anayekuja na kikapu chake. Mwenye kuuza samaki wabichi wa ziwa, sambaza, ana sanduku la baridi alilonunua kwa mkopo. Sanduku hilo sasa ni kabati. Na wale wote waliofundishwa kuweka biashara katika simu wanazunguka mtaani wakitafuta mwenye mabamba ya jua awajazie betri kwa malipo. Haya ndiyo mageuzi ya kidijitali! Tena kila grupu inayonguruma imechoma mafuta yaliyotoka ng'ambo ya bahari, nasi tunakaa juu ya mto ambao toka ziwa Kivu hata ziwa Tanganyika unashuka karibu mita 700.

Basi mwenye kuuza chupa elfu kwa wiki na mwenye kulia kwamba umeme umekatika mara nyingi ni mtu mmoja. Hajui, kwa sababu kati ya chupa na giza kuna kilomita chache za mtaro.

Mkisoma hapa wengi mtasema: Hiyo ni kazi ya Leta. Leta ilikwisha kusema. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili, mwaka 2017, serikali ya Kinshasa ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Ni nani kati yetu aliyeona amri hiyo ikitembea Kadutu? Mfuko mweusi haukukosekana sokoni hata siku moja. Majirani zetu wa Rwanda walikataza mifuko mwaka 2008, na mwaka 2019 wakakataza plastiki za kutumiwa mara moja. Anayevuka Ruzizi kwenda Kamembe anajua kwamba mfuko wake hauvuki naye. Ni mtu yule yule. Upande huu wa daraja anatupa, upande ule anakunja na kuficha. Tusiseme basi kwamba ni tabia ya Wakongomani kuwa wachafu. Tunalikataa neno hilo kabisa, nalo hupenda kusemwa na wale wanaopata faida kwa uchafu wenyewe.

Nao ni nani? Ni watengenezaji wa vinywaji, wakubwa na wadogo. Zamani soda iliuzwa katika chupa ya kioo, na chupa ya kioo ilikuwa mali ya kiwanda, ilikwenda ikarudi. Siku walipogundua plastiki, waligundua jambo jingine zuri zaidi kwao: chupa ikishauzwa si yao tena. Gari la kurudisha matupu halihitajiki, mtu wa kuosha hahitajiki. Gharama ile haikufa. Ilihama tu. Imehamia kwa mpiga mbizi wa Ruzizi, kwa kinyozi mwenye grupu, kwa mama wa Kadutu ambaye mtaro ukiziba maji ya mvua yanaingia nyumbani mwake. Kiwanda kinahesabu faida, na mtaa unalipa.

Tazameni chupa ya Primus. Hatusifu ulevi, tunasifu chupa. Je, nani amewahi kuiona chupa nzima ya Primus imelala mtaroni siku mbili? Haiwezekani. Mtoto atakuwa ameiokota kabla haijakauka, kwa sababu ina vidanji: bila kurudisha tupu, hupewi iliyojaa ila uongeze feza. Hakuna semina iliyofundisha watu wa Bukavu kutunza chupa za Primus. Hakuna bango, hakuna wimbo wa shule, hakuna siku ya salongo iliyotengwa. Bei peke yake ilitosha. Mlevi asiyejua njia ya nyumbani anajua chupa yake iko wapi.

Tunalotaka, basi, ni hili: kila chupa ya plastiki inayouzwa Bukavu iwe na vidanji yake. Mnunuzi aongeze kidogo anaponunua, arudishiwe kidogo hicho anaporudisha. Si mawazo ya ndoto. Ujerumani wanafanya hivyo tangu mwaka 2003. Chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja ina vidanji ya senti 25 za Euro, na hata matajiri wao hubeba mifuko ya chupa tupu kwenda dukani bila kuona haya. Sisi tunaomba kidogo kuliko hicho, kwa kadiri ya mifuko yetu.

Na hapa ndipo simu inapopata kazi ya kweli. Feza ndogo ndogo za makaratasi zimetuharibikia. Noti ya franka 100 ikifika Kadutu imeshakuwa kama kitambaa cha kufutia meza, na mwenye duka anakataa kuipokea. Nani atarudisha vidanji kwa noti hizo? Lakini katika simu franka 100 ni safi kama franka 10,000. Kijana aleta chupa ishirini, mwenye depo ahesabu, vidanji iingie katika simu ya kijana papo hapo; kiwanda kijue depo gani imepokea chupa ngapi. Hayo tungeyaita mageuzi ya kidijitali bila kusita, na ya kijani pia, na hayahitaji mwenye kiduka kununua chombo kipya.

Lakini kuna sharti, nalo ni gumu: makampuni ya simu yasikate chochote katika vidanji. Maana tumeyajua. Feza ya simu ilipoingia Kongo, M-Pesa mwaka 2012 na nyingine pamoja nayo, tuliambiwa ni ya mtu mdogo. Na kweli imemsaidia. Mwezi wa pili mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu na benki zikafunga milango, ni simu iliyobaki. Mtoto wa Kinshasa aliweza kumtumia mama yake wa Bagira chakula cha wiki. Hatusahau jambo hilo. Wala hatusahau kwamba siku zile zile mtu alikatwa kwa kutuma, akakatwa kwa kutoa, kisha mwenye kabini, akiona watu wengi na noti chache, akaongeza ushuru wake mwenyewe. Mwenye shida hakuwa na pa kwenda. Vita hatuvisemi hapa. Wasomaji wetu wanavijua kuliko tunavyoweza kuviandika.

Tena tunakumbuka ile RAM. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba kila simu iandikishwe katika daftari la nchi, na kwamba andiko hilo lilipiwe: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu kubwa. Feza ikawa inachotwa katika iniite za watu kidogo kidogo. Mama mwenye simu ya vitufe, anayenunua iniite za franka 500 ili aulize bei ya ndizi Walungu, alikuta zimepungua kabla hajasema "halo". Watu walilalamika nchi nzima, na mwaka 2022 ikaondolewa. Somo lake tunalikumbuka, hata kama wahubiri wa mageuzi hawalitaji: kila njia mpya ya kumpelekea mtu mdogo feza ni njia mpya ya kumchomolea. Ndiyo maana mama wengi wa soko, wanaojua kwa moyo hesabu za likelemba ya watu thelathini bila kuandika hata tarakimu moja, wanaikwepa simu kwa biashara yao. Mnawaita wajinga? Wao wamehesabu.

Makala tutayataja kwa kifupi, maana yanastahili makala yake mwenyewe (lugha yetu imefanya mchezo hapo). Watu wanamlaumu mama wa chakula kwamba anapikia miti ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyofanywa mwaka 1970 na kuandikwa na UNESCO mwaka 1980 kuwa urithi wa dunia nzima. Ni kweli mbuga inakatwa, na ni kweli magunia yanaingia Bukavu kila usiku. Lakini mama huyo apikie nini? Jiko la umeme? Kwa umeme upi? Wako vijana wa mji huu wanaotengeneza makala ya kubana kwa maganda na takataka za jikoni, na kazi yao ni ya kusifiwa; hata hivyo mikono yao haijatosha jiji. Mpeni mama umeme usiokatika mchana, ndipo mmuulize habari za miti.

Turudi kwa chupa. Watengenezaji wana majibu mawili, nasi tumeyasikia mara nyingi. La kwanza: bei itapanda, mtu maskini ataumia. Si kweli. Vidanji si bei, ni amana. Anayerudisha chupa hajalipa kitu. Anayelipa ni mwenye kutupa, na anayeokota kilichotupwa anapata. Maskini wa Bukavu ndio watakaookota, je, wataumiaje? La pili: sisi ni wadogo, tunafunga chupa mia mbili kwa siku katika nyumba ya nyuma, tuachieni, waanze wakubwa. Jibu hilo linatusumbua zaidi, maana wengi wanaolitoa ni wakristu wetu, watu wa bidii, wajane miongoni mwao, na tunajua wanavyoamka saa kumi za usiku kukamua matunda. Kweli wakubwa waanze. Lakini Ruzizi haina macho ya kutenganisha chupa ya mkubwa na chupa ya mjane. Tena mdogo ana nafasi ambayo mkubwa hana: wateja wake wako mtaani mwake, anawajua kwa majina. Yeye anaweza kupokea chupa zake kesho asubuhi.

Wako pia wanaookota leo bila kungoja amri wala vidanji. Plastycor, kazi iliyoanzishwa hapa Bukavu, inachukua chupa za ziwani na kuzifanya vikapu, viti na vyungu vya maua. Hicho ni kiwanda kidogo cha kijani kama kile cha picha za ukutani, ila hiki ni cha kweli. Lakini wanaofanya kazi hiyo wanainama kuokota chupa moja moja ufukoni, na mvua moja ya mwezi wa nne inaleta nyingi kuliko walizotoa mwezi mzima. Chupa ingekuwa na vidanji ingewafikia yenyewe, imebebwa na watoto.

Na nyinyi mnaokuja kutufundisha, tuna neno nanyi. Katika kila semina ya mageuzi ya kijani, mbele ya kila mtu pamewekwa chupa ya maji ya plastiki. Watu hamsini, siku tatu, asubuhi na mchana: hizo ni chupa mia tatu, na mtaro wa hoteli unateremkia ziwa lile lile. Tunajua pia kwamba ndani ya simu mnazotuonyesha mna tantalumu, na kwamba koltani inayoitoa inachimbwa katika milima ya Kivu na vijana wasio na umeme wala maji safi. Hatutaki kuwafukuza. Tunataka mje na jagi na bilauri.

Tuseme habari za nyumbani mwetu pia. Baba Mtakatifu Fransisko alituandikia barua ya Laudato Si' mwaka 2015, ikasomwa katika parokia zetu, ikapigiwa makofi. Kisha ikaja sherehe ya upadirisho, ikaja ndoa, ikaja Komunyo ya kwanza, na baada ya kila sherehe uwanja wa kanisa ulibaki mweupe kwa chupa. Wanakwaya walizisukuma mtaroni kwa ufagio. Wazee wa parokia wanaweza kukomesha hilo kwa tangazo moja Jumapili: hakuna chupa ya plastiki katika uwanja wa kanisa, ila ile itakayorudi kwa aliyeileta. Mama wa Legio wana masufuria ya kuchemshia maji, na vikombe viko kabatini.

Kwa watengenezaji tunaleta shauri dogo. Si lazima kuanza na mji mzima. Kiwanda kimoja na maduka ya njia moja, tuseme njia iteremkayo toka soko la Kadutu mpaka Nyawera, kwa miezi mitatu ya mvua. Chupa zipigwe alama, vidanji iwe franka 100, depo ziwe mbili, moja juu na moja chini, na kampuni ya simu ikubali kupitisha feza hiyo bila kukata. Mwisho wa miezi mitatu zihesabiwe zilizouzwa na zilizorudi, hesabu isomwe hadharani, hata ikiwa mbaya. Wakihitaji watu wa kupokea na kuandika, mashirika yetu ya Kadutu yana vijana waliomaliza shule, wanajua hesabu, na tangu asubuhi wamekaa ukutani wakingoja umeme.